Nduaro Mmoja ni Shilingi Ngapi?

Maneno haya niliyasema Watamu, kwenye mkutano wa wavuvi, manahodha, wenye boti za kitalii, watu wa mahoteli na kina mama wa samaki. Wengi walikuwa baharini siku hiyo, na vijana wetu walioko Mombasa na Ghuba wameomba waletewe. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Shikamooni wazee wangu mlioketi mbele. Mzee mwenyekiti, kina mama, manahodha wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama pale ukutani, hamjambo?

Nimeitwa nizungumze juu ya sheria za uvuvi wa michezo, huu uvuvi wa fimbo unaoleta wageni hapa, na namna sheria hizo zinavyogusa mifuko yetu. Nitaanza kwa kuuliza juu ya nduaro, yule samaki mwenye tanga mgongoni na mdomo mrefu. Nduaro mmoja ni shilingi ngapi?

Nimesikia mama pale nyuma ametaja bei ya kilo. Ahsante mama. Hesabu yako ni sawa, na hakuna anayeijua kuliko wewe. Lakini hiyo ni bei ya nduaro aliyekufa. Mimi naulizia aliye hai. Aliye hai ni shilingi ngapi?

Mbona kimya?

Basi niwape kisa. Mimi nilianza ubaharia kwenye boti za fimbo mwaka 1983, kijana sina hata ndevu. Siku zile boti ikirudi na sulisuli, yaani nduaro au samaki mwenzake wa mdomo mrefu, ilipandisha bendera, moja kwa kila samaki, na kijiji kizima kilihesabu bendera kabla chombo hakijatia nanga. Samaki alipandishwa kwenye mzani, mgeni akasimama kando yake, picha ikapigwa. Na baada ya picha? Mgeni alikwenda kuoga. Samaki alibaki kwetu. Tajiri wa chombo alichukua fungu lake, nahodha fungu lake, sisi mabaharia tukagawana kilichobaki. Tulikula, tulikausha, tuliuza. Vijana, sikilizeni hapa: lile fungu lilikuwa sehemu ya mshahara. Halikuandikwa popote, lakini kila baharia alilihesabu kabla ya kukubali kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja desturi mpya. Samaki atiwe alama, aachiliwe. Nakumbuka siku yangu ya kwanza. Tulikuwa nje kabisa ya mwamba, msimu wa upepo wa kaskazi umeshika, nduaro amepigana karibu nusu saa. Nikavaa glavu nikamshika mdomo ule mrefu. Nahodha akamchoma alama ndogo mgongoni, karibu na pezi, ndoana ikatolewa, nikaambiwa nimshikilie ubavuni mwa chombo huku boti inakwenda polepole, maji yampite kwenye mashavu mpaka apate nguvu. Kisha nikaambiwa, mwachie. Nikamwachia. Nilimtazama akizama, ile buluu ikimrudia mgongoni, na kichwani mwangu nilikuwa nahesabu kilo.

Nilipofika nyumbani mama yangu, Mungu amrehemu, akaniuliza, "Leo hamkupata?" Nikamwambia, "Tulipata, mama. Tulimwachia." Hakusema kitu. Akanipakulia ugali na mchicha.

Nawaeleza haya kwa sababu nimesikia watu wa semina wakizungumza juu ya kuachilia samaki kana kwamba ni jambo jepesi, la kupiga makofi. Halikuwa jepesi. Sheria yoyote ya kumrudisha samaki majini humtoa katika sufuria ya mtu. Na yule mtu ana haki ya kuuliza: mimi nimepata nini badala yake?

Jibu lilikuja kaskazi iliyofuata. Mgeni yule yule alirudi, na wenzake wawili. Alileta picha aliyopigwa na samaki wake akiwa hai, na alitaka kujua kama kuna mtu amemwona tena. Walikodi boti siku 6. Mwaka wa pili yake walirudi tena. Nduaro yule tungemla kwa siku 2.

Wageni wa fimbo si wa jana katika pwani hii. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alivua mbele ya Malindi mwaka 1934, kabla ya wengi wetu humu kuzaliwa. Kinachowaleta hakijabadilika. Bahari hii iliyo mbele yetu ina sulisuli wa namna nyingi: nduaro mwenye tanga, marlin wa buluu, marlin mweusi, marlin mwenye milia, na yule mwenye mdomo kama upanga, wa kina kirefu, anayevuliwa usiku. Si pwani nyingi duniani ambapo mvuvi anaweza kutoka asubuhi akitumaini kukutana nao wote. Na hapa Watamu ndipo lilipo shirika la African Billfish Foundation, linalogawa zile alama na kuandika kila kadi inayorudi: samaki gani, wapi, lini, alikuwa mkubwa kiasi gani. Kadi zile mlizojaza manahodha kwa mikono yenye chumvi ni elimu. Zinatuambia samaki wetu wanakwenda wapi.

Sasa hebu tuifuate boti moja, siku moja. Inatoka kabla jua halijachomoza. Kabla ya hapo mtu ameuza mafuta. Mtu ameuza barafu. Vijana wa ngalawa wameuza vibua na ngisi wa chambo, tena kwa bei nzuri kuliko sokoni, kwa sababu chambo cha mgeni lazima kiwe kibichi. Mama ameamka saa kumi usiku kukaanga mahamri. Tuktuk imewatoa wageni hotelini. Boti ikirudi, kuna fundi wa injini, kuna fundi faiba, kuna kijana wa kuosha, kuna dobi hotelini anayefua mashati yenye damu ya samaki. Jioni wageni wanataka kula, na wanakula nini? Jodari na nguru wenu nyinyi wavuvi wa mshipi. Mgeni mmoja, na nimehesabu mikono mingapi? Na sijamtaja anayechonga vinyago barabarani.

Kwa hiyo ile desturi ya kuachilia, iliyoninyima mimi fungu, ilifungua mafungu mengine mengi. Ninasema hivyo kwa moyo wangu wote, mimi niliyekula ule mchicha.

Lakini mafungu hayo yalimfikia nani? Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Wazee wangu wanaikumbuka 1968. Mwaka huo ndio hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilipotangazwa, miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika. Baba yangu mdogo alikuwa akitega malema ndani ya eneo lile. Alikwenda asubuhi moja akaambiwa hapa hapavuliwi tena. Si kwa mshipi, si kwa lema, si hata kuokota kombe. Hakuulizwa. Hakuitwa kwenye baraza kama hili. Alibeba malema yake akahamia kwenye mkondo wenye mawimbi, na chombo chake kilikuwa hori dogo la mvule.

Leo ukishuka na mgeni ukaona matumbawe yale, ukaona chewa asiyeogopa mtu, huwezi kusema hifadhi ilikuwa kosa. Sisemi hivyo. Boti za vioo zinaishi kwa hifadhi ile, na samaki wanaozaliwa mle hawana ukuta. Wanatoka nje na sisi tunawavua. Ila baba yangu mdogo alilipa gharama na hakuona hata senti ya tiketi. Aliishi miaka yake yote akiliita eneo lile "kwa wenyewe". Sikieni neno hilo. Bahari aliyozaliwa kando yake, akaiita ya wenyewe.

Sasa tembeeni nami kidogo kuelekea kusini, humu humu Kilifi, mpaka Kuruwitu. Pale wazee waliona mwamba wao umechoka. Nyavu zinarudi tupu. Wakakaa chini wenyewe, wakabishana, nasikia walibishana sana, na kufikia 2006 walikuwa wamefunga kipande cha bahari yao, hekta 30 hivi, asivue mtu. Wakakiita tengefu. Walinzi ni wao. Mgeni akitaka kuogelea mle, ada analipa kwao. Wakaja watu wa nchi nyingine za Bahari ya Hindi kujifunza, na mwaka 2017 Umoja wa Mataifa ukawapa tuzo ya Equator.

Mnaiona tofauti? Kote kuwili sheria inasema neno moja: usivue hapa. Kote kuwili samaki wamerudi. Lakini kwa mmoja mlinzi ni mgeni mwenye sare, na kwa mwingine mlinzi ni mjomba wako. Kwa mmoja pesa zinapanda gari kwenda mbali, kwa mwingine zinakaa kijijini na watu wanauliza hesabu. Kesho ukija usiku na juya, ule wavu wa kukokota, wapi utapigiwa kelele na kijiji kizima?

Na kwa kuwa nimelitaja juya: lilipigwa marufuku mwaka 2001, pamoja na bunduki za mshale. Miaka mingapi hiyo? Na bado tunaliona. Sheria isiyo na mwenyewe kijijini huwa hivyo. Nisiseme zaidi, tunajuana.

Sasa nizungumze na wale wanaotoa leseni, maana najua wapo humu ndani na nawashukuru kwa kuja. Kuna kijana wetu mmoja, sitamtaja, baharia hodari kuliko mimi nilivyokuwa. Alikusanya pesa miaka 8. Akanunua boti kuukuu ya faiba, akaitengeneza mwenyewe, akataka kuchukua wageni wa fimbo kwa jina lake. Akatakiwa leseni ya uvuvi. Akatakiwa cheti cha usalama wa chombo. Cheti cha nahodha. Leseni ya biashara. Leseni ya utalii. Bima. Kila kimoja kina maana yake, mimi sipingi hata kimoja. Nimeona chombo kikizama na sitaki kukiona kingine. Lakini kila kimoja kina ofisi yake, na mji wake, na siku yake afisa hayupo. Msimu wa nduaro ukaanza. Msimu ukaisha. Boti ilikuwa imeinuliwa juu ya magogo chini ya mnazi, inapasuka rangi kwa jua. Mwaka uliofuata aliiuza. Leo ni baharia tena kwenye boti ya tajiri.

Tazameni boti zilizotia nanga pale. Manahodha ni wetu, na ni mahodari. Wapo wageni wanaorudi kwa jina la nahodha, si la hoteli. Lakini boti ni za nani? Ngapi ni za mtu aliyezaliwa hapa? Tajiri mkubwa ana karani wa kuzunguka maofisini. Kijana wetu hana. Kanuni ni ile ile, ada ni ile ile, lakini uzito si ule ule. Ndiyo maana naomba jambo moja tu kwa maofisa: kabla kaskazi haijaanza, siku moja au mbili, njooni wote hapa bandarini na mihuri yenu, mkague vyombo mahali vilipo. Siku mbili. Mtakusanya ada nyingi kuliko mnazokusanya sasa, na vijana watabaki na siku zao za kazi.

Kuna upande mwingine ambao hatuuoni kwa macho, nao ni bahari kuu. Sisi tunamrudisha nduaro mmoja mmoja kwa mkono. Huko nje je? Bahari ya Hindi ina tume yake ya jodari, IOTC, makao yake Ushelisheli, na Kenya ni mwanachama. Mwaka 2018 tume iliweka mipaka kwa sulisuli: nduaro wasivuliwe zaidi ya tani 25,000 kwa mwaka katika bahari yote hii, na sulisuli mdogo wa chini ya sentimita 60 asibakizwe chomboni. Tani 25,000! Na wengi wao hawanaswi na fimbo, wala na mshipi wa ngalawa. Wananaswa na nyavu za kuelea za nchi zilizo kaskazini ya bahari hii. Nyavu zinazozidi kilomita 2.5 zimekatazwa katika eneo lote la tume tangu 2022. Marlin mwenye milia, huyu ambaye wageni wetu humngoja kuanzia Januari, wataalamu wa tume wamesema wazi amevuliwa kupita kiasi.

Kwa nini nawasumbua na habari za Ushelisheli? Kwa sababu samaki huyo huyo ndiye anayepita mbele ya Watamu. Kama atamalizwa huko, hakuna kanuni ya hapa itakayomrudisha mgeni. Mjumbe wetu anapokwenda kwenye mkutano wa tume, nani amemwambia hali ya Watamu? Zile kadi za alama ziende mkononi mwake. Na barua ya kikao hiki iende pamoja nazo.

Sasa nifike kwenye jambo lililotukusanya. Tumeulizwa: kuachilia sulisuli kuwe sheria? Maana kwetu hapa kulianza kama desturi ya boti na klabu, na desturi ina wanaoifuata na wanaoikwepa. Nawaambia kuna nchi iliyokwisha fanya hivyo kwa samaki wake. Belize, kule Amerika ya Kati, mwaka 2009 iliamua kwa sheria kwamba aina 3 za samaki wa fimbo lazima waachiliwe wakivuliwa. Nchi ndogo, yenye wavuvi kama sisi. Waliona kuwa samaki yule ndiye anayemleta mgeni, wakaamua kumlinda kama mkulima anavyomlinda ng'ombe wa maziwa.

Mimi nakubali iwe sheria. Lakini sikubali iwe sheria kwa kila mtu.

Mwaka 2020, Machi 25, ndege za abiria kutoka nje zilisimama. Zilirudi Agosti 1. Mnakumbuka? Hoteli zilifungwa milango. Manahodha wakapaki boti. Waliokuwa na mshahara wakawa hawana. Mji huu ulikula nini? Ulikula mshipi. Ulikula ngalawa. Mabaharia wa boti za wageni walikwenda kwa binamu zao kuomba nafasi kwenye mashua, na walipewa. Nduaro aliyenaswa miezi ile alikuwa chakula, akagawanywa mtaani, na hakuna hata mmoja humu aliyesema aachiliwe. Nami nilikula. Nilikula na kumshukuru Mungu.

Kwa hiyo mvuvi wa kitoweo, wa mshipi na ngalawa, asiguswe. Narudia: asiguswe. Sheria iwe juu ya boti yenye leseni ya kuchukua wageni. Hiyo ndiyo iachilie. Itumie ndoana ya duara, ile inayoshika pembeni ya mdomo badala ya kumezwa tumboni, ili samaki tunayemwachia asiende kufa chini tusipomwona. Yule aliyekufa ubavuni mwa chombo kwa bahati mbaya asitupwe baharini wala asiuzwe na tajiri. Aletwe bandarini, agawiwe. Mabaharia, mmenisikia? Fungu letu lile, kwa njia ya halali.

Na la mwisho ndilo lenye pesa, kwa hiyo naona wote mmeinua vichwa. Kila siku ambayo boti inatoka na mgeni wa fimbo, kiasi fulani, tutakubaliana kiasi gani, kiingie kwenye akaunti ya BMU yetu, kikundi chetu cha kusimamia ufuo na uvuvi. Kanuni za BMU zimetupa nafasi ya kutunga kanuni zetu ndogo na kuzipeleka kuidhinishwa. Tuitumie. Hesabu ibandikwe ukutani pale bandarini kila mwezi, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa, hata mzee asiye na miwani asome. Pesa hizo zinunue nyavu halali kwa aliye tayari kulitoa juya lake. Zilipie kijana wetu cheti cha unahodha. Zijenge kibanda cha barafu cha kina mama, maana samaki anayeoza saa nane mchana ni hasara ambayo hakuna mtalii aliyeileta.

Wenzetu wa mahoteli, najua mtauliza kama mgeni atakubali kulipa. Mgeni amevuka bara zima kuja kumwachia samaki. Mwambieni pesa ile ni ya nani na inafanya nini, mkamwonyeshe ule ukuta. Atalipa.

Sitaki tutoke hapa na makofi tu. Karatasi iko kwa katibu pale mezani. Tunahitaji watu watatu wa kuandika kanuni hii kabla kaskazi haijashika: nahodha mmoja, mvuvi mmoja wa ngalawa, na mmoja kutoka kwa kina mama wa samaki. Nahodha na mvuvi wazee watawachagua. Lakini yule mama aliyetaja bei ya kilo, uko wapi? Simama mama, tukuone. Naomba jina lako liandikwe kwanza.